Kangomba ya Usingizi

Miaka kumi na mitatu nasimama kwenye mizani, Mahuta,
napima vya watu: gunia, unyevu, daraja.
Naujua mshale. Ukitetemeka naungoja utulie,
ndipo naandika, ndipo naita jina.

Jumanne nikakaa mimi, mkono juu ya meza.
Nesi Tulalumba, mgeni wa Iringa, akanivika kile kitambaa,
akakijaza upepo hadi vidole vikafa ganzi,
akanisikiliza kiwikoni kama mtu aliyetega sikio mlangoni.
"Mia na themanini," akasema, "kwa mia na kumi."
Nikamwambia rudia, mizani hukosea.
Akarudia.
Haikukosea.

Nikacheka. Presha nilidhani ni ya wanene wa mjini,
wenye magari na kesi.
Mimi baiskeli. Mimi ugali wa muhogo.
Mimi kichwa tu jioni, hapa kisogoni,
nami husema ni jua.

"Unalalaje?" akauliza.
Hapo nikanyamaza.

Nimwambieje? Kwamba mnada wa tatu umepita na hela haijaingia,
na kila aliyesimama mbele ya mizani yangu
ananidai mimi,
kana kwamba benki ni mfuko wa shati langu.
Nampoto siku hizi hanisalimu.
Mama Chitanda hunijia alfajiri na stakabadhi
aliyoikunja mara nne, akaikunjua polepole,
hasemi kitu; mwanawe anangoja ada Newala.
Simu ikilia, moyo unatangulia kuipokea.
Usiku nahesabu magunia yasiyo yangu.
Kuna moja lilipungua kilo nne, mwaka juzi.
Bado nalipima.

"Hasira ya siku moja si ugonjwa," akasema nesi.
"Damu hupanda, jambo likiisha hushuka.
Jambo lako wewe haliishi.
Na usingizi huna, na ng'onda unakula,
na sigara naisikia harufu yake hapo mfukoni.
Watu wakipasukiwa na tairi humlaumu msumari,
hawaulizi upepo alijaza nani.
Punguza chumvi. Punguza mawazo.
Na vidonge umeze hata siku unayojiona mzima."

Chumvi naijua kijiko chake.
Mawazo nipunguze kwa kibaba gani, dada?
Niyamwage wapi?

Nikatoka na bahasha yangu, nikapita mikoroshoni,
mabibo yameoza, nzi wanafanya sherehe,
ndipo likaniingia.
Huku kwetu tunawajua watu wa kangomba,
wajao njaa inapouma
wakakununulia korosho ambayo haijawa hata ua,
bakuli zima kwa bei ya sabuni.
Nimewasema mikutanoni, meza nimezipiga.
Kumbe nami nina mnunuzi wangu.
Huja saa nane za usiku, hana bakuli, hana jina,
namuuzia nguvu za mwaka ujao
kwa bei ya wasiwasi wa leo,
na stakabadhi haandiki.

Somoe nilimwambia habari ya chumvi.
Ya mawazo sikumwambia.
Akaitazama bahasha, akanitazama mimi,
akachukua simu yangu, akaizima,
akaifukia kwenye debe la unga.
"Anayedai ana miguu," akasema. "Atakuja asubuhi."
Kisha akapika kisamvu kisicho na chumvi,
kibaya, Mola anisamehe, kama majani yaliyolala mvuani,
nikala chote.

Leo siku ya tisa ya vidonge. Hela bado.
Mama Chitanda amekuja, amekunjua karatasi yake.
Nimemwambia: sijui, mama.
Neno hilo sijawahi kulisema mbele ya mizani.
Akaketi juu ya gunia tupu, akavua kandambili,
tukakaa hivyo, watu wawili, bila hesabu.

Mshale bado unatetemeka.
Naungoja.
Sijaandika.